Mikono Yangu Bado Inanuka Ubani

Jumamosi. Jua kali, umeme umekatika tangu asubuhi, na mimi nimejifungia chumbani hapa Ilala nikijifanya naumwa goti. Goti ni zima kabisa. Ninachoumwa ni aibu.

Jana tumeshinda. Sisi, timu ya taifa ya wanawake ya handboli, ambao nusu ya nchi inadhani tunacheza netiboli na nusu nyingine haijui kama tupo, tumeingia fainali. Bao la mwisho nimefunga mimi, nahodha. Simu haijatulia kwa pongezi. Mjomba wa Moshi, ambaye kila Krismasi huniuliza lini nitaacha kurukaruka niolewe, ametuma ujumbe wa sauti akilia kwa furaha.

Sijamjibu mtu.

Niseme kwanza habari ya gundi. Katika mpira wa mikono, mpira ukikuteleza umekwisha, kwa hiyo wachezaji wa nchi zenye uwezo hupaka vidoleni gundi maalumu ya kopo. Sisi hatuna. Tulikuwa tukifuta jasho kwenye bukta na kumwomba Mungu. Mpaka Salha, mchezaji wetu wa mstarini, yule anayesimama katikati ya mabeki wa watu akisukumwa kama mlango wa choo cha stendi, alipokuja mazoezini na kikopo cha mama yake.

Kina Salha ni Waarabu wa Kariakoo. Wanauza ubani, udi na viungo kwenye duka lililofunguliwa na babu wa babu yake enzi za Mwingereza. Mama yake alimsikia mwanawe akilalamika kuhusu mpira, akayeyusha ubani na nta ya nyuki, akatia mafuta ya nazi kidogo, akasema jaribuni. Tulijaribu. Mpira ulikaa mkononi, hautoki mpaka utake mwenyewe. Kuanzia siku ile timu nzima tunapaka, na anayepaka nyingi kuliko wote ni mimi. Mimi ndiye niliyemwambia Salha, "Shoga, Ijumaa kikopo usikisahau."

Tatizo ni kwamba ukumbi wa mashindano haya hauruhusu gundi ya aina yoyote, kwa sababu ya sakafu. Tulisomewa kwenye kikao cha manahodha, nikaitikia kwa kichwa. Tukapaka hata hivyo, tukijidanganya kwamba ubani si gundi, ubani ni ubani.

Kipindi cha pili, kipa wa wapinzani, majirani zetu wa siku zote, akadaka mpira, akaunusa, akautupa chini. "Wameuroga! Nuseni wenyewe, hii ni dawa!" Jukwaa zima likaangua kicheko. Refa akasimamisha mchezo, akausogeza mpira puani, akaniita.

"Nahodha, hiki ni nini? Nani amepaka?"

Mikono yangu nilikuwa nimeificha nyuma. Ilinata mpaka vidole vilishikana vyenyewe.

Ningesema "sote". Neno fupi tu. Wangebadilisha mpira, tungenawa, tungeadhibiwa, na labda unahodha ungeniponyoka. Badala yake nikageuka nikamtazama Salha na hijabu yake ya michezo, nikasikia mdomo wangu ukisema:

"Mimi sijui, refa. Muulizeni yeye. Hayo ni mambo ya kwao."

Ya kwao.

Mimi Mchaga, mama yangu anauza ndoo na mabeseni ya jumla mtaa wa nyuma ya duka lao. Pilau ya Idi nimeila kwao tangu nina meno ya utoto. Siku ya kipaimara changu mama Salha ndiye aliyenifukiza gauni kwa udi, nikaingia kanisani nanukia kuliko padri. Leo hii hilo "kwao" nimelitoa wapi? Lilitoka haraka mno, sikulitafuta. Hapo ndipo ninapojiogopa.

Salha hakujitetea. Alinyoosha mikono, refa akainusa, akamtoa kwa kadi nyekundu. Aliponipita alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu. Mimi nikarudi mchezoni. Walileta mpira mpya, lakini mikono yangu haikukaguliwa na mtu. Bao la ushindi nimelifunga kwa ubani wa mama yake.

Leo video imeenea kila kona. "Mchawi wa handboli", ndivyo walivyoiita. Watu wameweka na muziki. Kamati ya mashindano imemsimamisha Salha mpaka kikao cha kesho asubuhi, kabla ya fainali, na shahidi wanayemsubiri ni mimi. Kocha amenipigia. "Baki na maneno yako ya jana," akasema. "Tukimkosa mmoja tutacheza. Tukikukosa na wewe, tumekwisha." Nikasema sawa, kocha. Nilisema sawa!

Baadaye nikashindwa kukaa, nikaenda Kariakoo. Nilijiambia naenda kumwomba Salha msamaha. Ukweli ni kwamba njia nzima niliomba nisimkute.

Sikumkuta. Nilimkuta mama yake dukani, anachambua ubani kwenye ungo, macho mekundu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, kaa. Afadhali umekuja, maana mimi ndiye niliyetaka kukufuata."

Nikajua yamefika. Nikakaa ukingoni mwa kiti nikingoja kufukuzwa, na ningeshukuru.

"Mwenzio kajifungia ndani," akasema. "Kaniambia ni yeye peke yake aliyepaka, nyie wengine hamkujua. Nimemgombeza mpaka nikaishiwa maneno. Wanamwita mchawi kwa ubani ninaofukizia nyumba yangu, sawa, hilo namwachia Mungu. Lakini kukuaibisha wewe, nahodha uliyemwamini! Utusamehe, mwanangu."

Utusamehe. Aliniambia mimi.

Nilitamani sakafu ya duka ipasuke. Salha amenificha hata kwa mama yake mzazi, na mimi nimekaa pale kama mgeni wa heshima, naombwa radhi.

Akanishika mikono yote miwili, kama anavyonishika siku zote. Mikono hiyo nilikuwa nimeisugua kwa sabuni, kwa ndimu, hata kwa mafuta ya taa. Mama Salha amekulia kwenye biashara ya harufu. Akaigeuza viganja juu, akaisogeza karibu na uso wake.

"Huu ubani wangu," akasema polepole.

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ulipaka."

"Sote tulipaka, mama. Sote. Na mimi ndiye niliyemwagiza alete."

Lilitoka lile neno. Lilitoka kirahisi, bila refa, bila jukwaa, bila kamera, mahali ambapo halimsaidii mtu yeyote.

Hakunitukana. Aliiachia mikono yangu, akaniwekea mapajani kwa upole, akarudi kwenye ungo wake.

"Hilo neno si la kuniambia mimi," akasema, bila kuinua macho.

Nimerudi nyumbani kwa miguu, barabara ya Msimbazi yote, nikilia mbele za watu wazima na mizigo yao. Hakuna aliyeniuliza. Wengine walinitambua, wakanipongeza.

Najua kikao kitakavyokuwa. Kocha hatanisamehe, unahodha utakwenda, na pengine kesho fainali nitaiangalia kutoka jukwaani. Najua pia kwamba Salha anaweza kurudi uwanjani na asinisemeshe tena, na atakuwa na haki. Kocha husoma blogu hii. Basi asome.

Sabuni nimeirudisha mahali pake. Kesho nitaingia kikaoni na mikono hii hivi ilivyo, niiweke mezani mbele yao, waanze kunusa.