Sanduku la Mjomba

Kinole, 3 Februari 2025

Kaka Mikidadi,

Shikamoo. Natumaini hamjambo hapo Msamvu, na wifi kifua kimepoa. Sisi tunapumua tu. Jirani yetu Tomasi anashuka na ndizi, ndiye anayekuletea barua hii, maana simu yangu unayo wewe pamoja na ya mwanangu.

Hafidhi hali chakula. Anapapasa mto, anapapasa mfuko, kisha ananitazama kana kwamba nimemwibia. Aliacha chuo kwa kukesha mtandaoni akibishana na watu asiowajua, leo hana hata neno la kuniambia mimi. Nafanya alivyonionyesha daktari, vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wake, pale mapigo yanaposikika. Moyo unakimbia, kaka, hata akiwa amelala. Juzi mchana simu ya Tomasi iliita uani. Mapigo yaliruka vidoleni mwangu kabla mtoto hajafumbua macho. Nililia.

Nimrudishie simu? Wewe ndiye mjomba, neno ni lako.

Mdogo wako,
Mwanvita

Msamvu, 6 Februari

Mwanvita mdogo wangu,

Marahaba. Wifi yako hajambo, anakusalimu, na ndizi tumezila zote bila aibu.

Usimrudishie. Daktari alipomvua kile kipimo cha moyo alichomvisha kifuani si alituambia wote? Moyo haupumziki kwa sababu mwenyewe hapumziki. Simu zenu, hata yako asije akaiazima, nimezifungia kwenye sanduku langu, na nani katika ukoo wetu atathubutu kufungua sanduku la mjomba? Vumilia mpaka Mwezi Mtukufu uingie. Atazoea.

Kaka yako,
Mikidadi

Kinole, 19 Februari

Kaka, shikamoo. Sikuulizi hali, nisamehe, hata yangu siijui.

Hakuzoea. Amekonda, nguo zinamning'inia. Jana alinipigia magoti, mtu mzima na ndevu zake, akaomba aishike simu kidogo tu. Nikamwambia mjomba amekataa. Nilijificha nyuma yako, kaka. Leo asubuhi kitanda ki kitupu. Waliomwona wanasema anashuka kwa miguu, bila viatu. Moyo ule, na mteremko ule! Nimekupigia kwa simu ya Tomasi, hupatikani, basi namtuma. Mtafute. Ukimpata mpe simu, mpe zote mbili, mimi namtaka mwanangu akiwa hai.

Mdogo wako,
Mwanvita

Msamvu, 20 Februari

Mdogo wangu,

Tomasi anarudi huko sasa hivi, naandika amesimama mlangoni. Hafidhi yupo hapa, mzima. Alifika sisi tuko sokoni, akalivunja sanduku langu kwa mchi. Sikumgombeza.

Nimemkuta amelala sakafuni, miguu imechanika, simu ameikumbatia. Nikaweka vidole viwili kama unavyofanya. Mwanvita, moyo umetulia. Unakwenda polepole kama wa mtoto aliyeshiba.

Na simu yenyewe haina chaji. Haijawaka tangu uliponikabidhi.

Wifi yako amekaa kando yake, chaja mkononi, ananiuliza aichomeke au aifiche. Mimi ndiye mjomba. Neno ni langu, na nimemwambia asubiri uje. Naogopa hata kumwamsha.

Njoo, mama yake.

Kaka yako,
Mikidadi