Maji ya Ziwa Niliyotia kwenye Tangi Lako

Mpendwa mwanangu Aline,

Amani ya Bwana iwe nawe huko Kampala. Kukwambia haya kwa simu nimeogopa, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Unakumbuka siku tuliyoleta lile tangi la kioo? Hoteli uliyokuwa unafanyia kazi ilitaka kulitupa. Ukalifunga kwa blanketi, tukalipakia juu ya baiskeli, wewe unasukuma, mimi nimelishika kama mtu anayesindikiza bibi harusi. Jioni nikakuletea pakiti ya chumvi ya jikoni. Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Mama, hii haiko supu! Samaki ya bahari iko na chumvi yake." Ukakaa wiki nyingi ukipima na kungoja, mpaka samaki wawili wakafika kutoka Mombasa: wa njano ukamwita Kadogo, na yule anayefungua mdomo muda wote ukamwita Pasta. Nilikukemea, halafu nikacheka kuliko wewe.

Ulipoondoka uliniambia niwape chembe chache za chakula chao asubuhi, basi. Lakini nyumba yetu unaijua. Kila Jumatano kina mama wa maombi wanakuja kunywa chai, na kwetu mtu hali mbele ya asiyekula. Mama Espe ndiye alianza: "Na hawa je? Wanatukodolea macho kama watoto wa jirani!" Akawasagia dagaa wa ziwani, sambaza kidogo. Wiki iliyofuata kila mmoja alikuja na zake kwenye leso. Mimi nikasogeza tangi dirishani wapate jua, na maji yalipopungua nikateka ya ziwa, nikisema yote yaliumbwa na Mungu mmoja.

Maji yakageuka kijani kama mboga ya sombe. Samaki siwaoni, nasikia pampu tu. Siku ya tatu Kadogo akaelea juu. Jumapili ukapiga simu, ukauliza, "Wako sawa?" Nikajibu, "Wako sawa kabisa." Nilisema uongo, Aline, na saa moja baadaye nikaimba kwaya mstari wa mbele.

Ndipo nikafungua daftari la maagizo uliloniachia, ambalo sikuwa nimeligusa kwa kujiona najua. Nasoma polepole, si unajua. Umeandika: ondoa kwenye jua, funika siku tatu, usilishe, kisha badilisha maji kidogo kidogo, yaliyochujwa, na chumvi ya bahari kwa kipimo. Nikafunika kwa kitenge changu cha kanisani. Kina mama nikawaambia Pasta amefunga. Mama Espe akasema, "Huyo ndiye Mkristo wa kwanza hapa kufunga bila kulalamika." Kisha nikawa natoa ndoo moja kila baada ya siku mbili na kurudisha nyingine, nikipima chumvi kwa kile kikombe chako.

Leo asubuhi maji yameng'aa. Naona mpaka punje za mchanga. Naona na Pasta anavyozunguka peke yake, anaenda kila kona kama anatafuta. Yalipokuwa ya kijani, sikulazimika kuona hilo.

Nisamehe, mwanangu. Usininunulie mwingine kwanza. Na ukikasirika, usikasirikie huko peke yako. Panda basi uje ukasirikie hapa. Nitakupikia viazi, utakula umenuna, nami nitakaa kando yako mpaka utakapotaka kusema.

Mimi mama yako, ninayekupenda na niliyekukosea.