Uzi Mweupe Kutoka Luang Prabang

Jumatatu, Kilburn. Rasharasha tangu alfajiri, na mimi bado sijarudi.

Mwili umerudi, ndiyo. Umepanda basi, umeshuka, umenunua maziwa. Lakini nikifumba macho nauona mto Mekong, maji ya rangi ya chai ya maziwa, na mapaa ya mahekalu yameinama mpaka karibu yaguse ardhi. Asubuhi watawa wanapita kimya, miguu peku, wamejitanda mashuka ya rangi ya chungwa, na kina mama wamepiga magoti kando ya barabara wakiwatilia wali wa kunata kwenye mabakuli. Hakuna anayesema asante, na hakuna anayeingoja. Mji mzima unaongea kama mtu anayembembeleza mtoto alale.

Wenzangu wa kanisani hawanielewi. Miaka yote nalilia makaratasi, nimepata pasi, safari ya kwanza naipeleka Laos? Kaburi la mama liko Moshi, na sijalitia machoni. Alizikwa mimi nikiwa huku ughaibuni, natazama kwenye simu, picha ikigandaganda. Nawajibu kwamba tiketi ya huko ilikuwa rahisi.

Uongo mtupu. Naogopa.

Nisipoliona lile kaburi, kuna sehemu yangu inaendelea kuamini mama yuko shambani, simu ameisahau ndani.

Luang Prabang, mji huo wa Laos, nimeujua kwa Bibi Kanta, mzee wa Kihindi, mzaliwa wa Kisumu, ninayemhudumia kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Majira yote ya baridi tulikuwa tunaunganisha vipande vya picha ya mji huo mezani kwake, yeye akinisimulia Kisumu kwa Kiswahili chake cha dukani. Tulipomaliza akaniambia niende nikamwangalizie kama ni kweli.

Ni kweli, Bibi.

Siku ya kuondoka, mama mwenye nyumba ya wageni alinikalisha mkekani, akanifunga uzi mweupe wa pamba kwenye kifundo cha mkono huku akinong'ona. Binti yake akanieleza: mtu ana roho nyingi, na akipatwa na jambo zito nyingine hukimbia zikapotea njia. Uzi unaziita zirudi nyumbani. Usikatwe kwa mkasi, na ukae angalau siku tatu. Sikuwa nimewaambia lolote kuhusu mama yangu. Nililia mpaka nikaona aibu.

Leo ilikuwa siku ya pili tu.

Kazini, kabla hata sijavua koti, msimamizi akauona. Sheria naijua, wengine nimewafundisha mwenyewe: kuanzia kiwiko kushuka chini hakuna saa, hakuna bangili, hakuna uzi. Usafi. Hakunikaripia. Alinipa mkasi tu, akaenda zake.

Nikajaribu kuufungua kwa mkono mmoja, wapi! Fundo lilikuwa limekaza. Nikaingia kwa Bibi Kanta na mkasi mkononi, machozi yananitoka, nikamweleza yote, hata la mama, ambalo sikuwahi kumgusia.

Akaninyang'anya mkasi, akauweka chini ya mto. Kwao nao hufunga uzi, kwa hiyo hakuhitaji maelezo marefu. Akauvuta mkono wangu mapajani kwake. Vidole vile vile vinavyoshindwa na kifungo cha sweta vilihangaika na fundo mpaka chai yake ikapoa, na aliponiona nataka kusaidia akanichapa kofi dogo. Mwishowe likaachia.

Kisha akanyoosha mkono wake mwenyewe.

"Funga hapa," akasema. "Mimi hapana fanya kazi. Nani nakataza mimi?"

Nikafunga.

"Roho yako iko hapa, mimi nachunga," akasema. "Wewe kwenda ona mama. Ukirudi, chukua."

Sasa nimekaa dirishani na mkono mtupu. Mvua imekatika, na taa za barabarani kwenye maji yaliyotuama juu ya lami zina rangi ile ile ya mashuka ya watawa. Kaburi bado naliogopa, sidanganyi. Lakini Bibi Kanta ni mzee sana, na si haki kumwachia mzigo wangu mpaka nitakapojisikia tayari.

Kesho, kabla sijavua koti, naomba likizo. Ya Moshi.