Mlolongo wa Tatu

KITUO CHA POLISI, NYERI
MAELEZO YA SHAHIDI
Jumatatu, 16 Mei 1988, saa nne na dakika kumi asubuhi

Jina: Murugi Wamae, pia huitwa Mama Kahiga
Umri: Miaka 46
Kazi: Mpishi, Makao ya Gatundiri
Makazi: Huko huko makaoni, chumba cha nyuma ya jiko
Malalamiko: Kuvuruga uchaguzi wa chama. Mlalamishi ni Bw. Hezekiah Wahome.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimepika Gatundiri miaka kumi na minne. Makao ni ya chama cha hisani, na wanaoishi hapo ni watu thelathini na wanane wenye ulemavu wa akili. Mdogo wao ana miaka tisa na mkubwa ana hamsini na kitu, lakini kamati huwaita wote watoto. Mimi pia nilikuwa nikiwaita hivyo mpaka Jumamosi. Sasa sijui niwaiteje.

Mwenyekiti wa chama ni Mwalimu Hezekiah Wahome, au alikuwa, hapo pia sijui. Ameongoza miaka kumi na mmoja. Mwaka huu alisema makao yatageuzwa kuwa shule, na kila aliyepita miaka kumi na minane arudi kwao kabla ya mwezi wa nane kwisha. Mmoja wa watakaorudi ni Wachuka, mwenye miaka thelathini na mmoja. Kwao ni Kiriaini. Alipoletwa kwetu alikuwa na kovu la kamba kwenye kifundo cha mguu, kwa sababu kaka yake alikuwa akimfunga pamoja na mbuzi kila anapokwenda kuchuma chai. Huyo kaka bado yuko na bado anachuma chai.

Mnamo tarehe 14 Mei 1988, Jumamosi, saa nne asubuhi, mkutano wa mwaka ulianza kwenye uwanja wa makao. Waliotaka uenyekiti walikuwa wawili, Mwalimu Hezekiah na Bw. Ngatia, karani wa kiwanda cha kahawa, aliyesema hakuna mtu atakayerudishwa. Msimamizi alikuwa Bw. Philemon, afisa wa maendeleo ya jamii. Alitwambia tutapiga kura kwa mlolongo, kama ilivyofanywa nchini mwezi wa pili. Mgombea anasimama mbele, wanaomtaka wanajipanga nyuma yake, wanahesabiwa. Karatasi hakuna.

Saa sita unusu walihesabiwa. Bw. Ngatia alikuwa na watu ishirini na mmoja, Mwalimu kumi na saba. Kabla hesabu haijaandikwa, Mwalimu alitoa katiba ya chama mfukoni akasoma kwamba kila anayeishi makaoni ni mwanachama. Ni kweli imeandikwa. Waliiandika Wazungu wa misheni walioanzisha makao, na sidhani kuna mtu aliyeisoma tangu waondoke. Kisha akaniita.

"Mama Kahiga, piga kengele. Leta watoto wote wasimame nyuma yangu. Hao wananipenda sana."

Hakusema uongo, wanampenda. Akija humpigia makofi.

Nilipiga kengele ya chakula kwa sababu kengele ni moja tu. Walitoka wote. Wachuka alitangulia kama kila siku, maana yeye ndiye hugawa sahani. Hakwenda kwa Mwalimu wala kwa Bw. Ngatia. Alisimama katikati, mahali pasipo na mtu, na wengine wakajipanga nyuma yake. Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, na hilo linaniuma.

Bw. Philemon hakucheka. Alitembea akihesabu kwa kidole.

"Mimi nilifundishwa aliye mbele ndiye mgombea," alisema. "Nyuma yake kuna thelathini na saba."

Akaandika jina la Wachuka kwenye fomu.

"Ati nini?" Mwalimu alimwambia. "Huu si uchaguzi. Hawa wanangoja githeri tu."

Hapo nilikubaliana naye, maana mwenye njaa hana miiko. Mwalimu akaniamuru nifungue jiko na nipige kengele tena ili kila mtu ajionee. Nilifungua. Ilikuwa saa saba na dakika ishirini, na wao hula saa sita unusu. Githeri ilikuwa tayari na harufu yake ilifika uwanjani. Nilipiga mara ya pili, nikapiga ya tatu. Hakuna aliyetoka kwenye mlolongo. Mmoja alianza kulia kwa njaa, akalia huku amesimama.

Mwalimu alimshika Wachuka mkono akamvuta. "Wewe, toka hapo."

Wachuka hakutoka. Maneno humchukua muda, kwa hiyo sote tulingoja. Alisema, "Mimi siendi kwa mbuzi."

Mwalimu alimwachilia. Akanigeukia akasema mimi ndiye niliyemfundisha, akaingia kwenye gari lake kuja hapa kituoni.

Koplo Kioko ameniuliza kama niliwachochea. Ameniambia ikiwa ni kweli, uchaguzi unaweza kufutwa na Mwalimu akarudi kitini. Alhamisi tarehe 12, kama saa tisa alasiri, nilikuwa nikichambua maharagwe na Wachuka. Nilikuwa na hasira, nikasema, "Mwalimu akishinda mtarudishwa wote, hata wewe, kwa mbuzi wa kaka yako." Aliendelea kuchambua, nikadhani hakusikia. Sikumwambia asimame popote. Mimi nimezoea kuongea mbele yao kama mtu aliye peke yake jikoni.

Ameniuliza pia kama walielewa walichokifanya. Sijui. Kama ni mazoea ya foleni ya chakula, mbona chakula kilipoitwa hawakuja? Na kama walielewa, wako sita ambao hata majina yao hawawezi kuyasema, hao walielewa nini? Tena wale kumi na saba wa Mwalimu, wengi walisimama pale kwa sababu aliwafundisha watoto wao. Hao hawaulizwi kama walielewa. Naona aibu, Koplo. Miaka kumi na minne nimewauliza kama wameshiba, na sijawahi kuwauliza jambo lingine lolote.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyasema. Nimesomewa nikayakubali yote, isipokuwa neno "kuchochea", ambalo ni la Koplo, si langu.

Sahihi: Murugi W.

MAELEZO YA AFISA: Yameandikwa na mimi, Koplo Kioko, na kumalizika saa tano na nusu. Shahidi alifuatana na Wachuka anayetajwa humu, ambaye naye anataka maelezo yake yaandikwe. Nilimwambia angoje nimuulize mkubwa wangu kama inaruhusiwa kwa mtu wa hali yake. Mkubwa yuko Murang'a mpaka kesho. Wachuka amekataa kuondoka. Nimefungua karatasi mpya. Jina amelitaja. Umri amenionyesha kwa vidole, vyote mara tatu, kisha kimoja. Nilipomuuliza kazi yake, alijibu, "Mwenyekiti." Nimeandika hivyo.