Nani Alisema Mafundi Wametosha?

Kigali, Agosti

Dada Claudette,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti la Mama limepata nafuu tangu mvua zikatike. Mimi sijambo, kazi ya redio inaendelea. Dada yetu mkubwa Générose naye ni mzima, bado anashona kwenye kibanda chake kule Nyabugogo. Nimeshika kalamu badala ya kukutumia ujumbe wa sauti kwa sababu sauti zangu, huko Kigoma, husikilizwa sebuleni Mama akiwapo. Hii isome peke yako.

Uliniomba nikuchunguzie jambo moja kabla hujaachia chumba chako cha kushonea. Ulitaka kujua ni nani aliyeingiza katika rasimu ya sera ya uhamiaji kwamba kazi ya ushonaji imejaa, na kwamba fundi mpya kutoka nchi jirani asipewe kibali cha kuifanya. Rasimu bado inajadiliwa, lakini sentensi hiyo ikipita, kuhamia kwako hapa kumekwisha kabla ya kuanza.

Nilianza na niliyemshuku zaidi, mwenyekiti wa mafundi wenyeji wa Nyabugogo, mama anayeitwa Mugeni. Alinicheka. Alisema yeye ni Mugeni wa jina tu, hapa iko kwao, na hana faida ya kumfukuza mtu. Wageni anawapangisha vibanda, anawauzia nyuzi na vitenge, na bila wao sare za shule za Septemba zingeshonwa na nani? Akaniambia, "Wewe mwandishi unatafuta moshi kwa mtu hajawasha moto." Majibu yaliyo tayari namna ile siyaamini. Nikapanda Kacyiru, kwenye ofisi za serikali.

Huko nilionana na Rwema, mchumi aliyekulia Kampala, mmoja wa walioandika rasimu. Nilishuku kuna mfanyabiashara wa nguo aliyemweka mfukoni, na nilimwuliza hivyo hivyo. Hakukasirika, na hilo lilinizidishia shaka. Alinieleza taratibu kwamba fundi mgeni hamwumizi sana mwenyeji, maana mwenyeji ana nyumba ya kupangisha, ana lugha, ana wateja wa ukoo mzima. Anayeumia ni mgeni aliyemtangulia. Hao wawili wanauza kazi ile ile kwa mteja yule yule, na aliyefika leo ndiye anayeshusha bei.

Nilitaka kujua hayo ameyatoa wapi. Akasema kwa wageni wenyewe, kwenye kikao cha kukusanya maoni. Tena kuna mama mmoja aliwavunja mbavu wote. Alisimama akasema wakubwa mnatuimbia mgeni njoo mwenyeji apone; basi mwenyeji amekwisha kupona, sasa mgonjwa ni mgeni wa jana. Rwema alimwiga hadi kofi alilojipiga pajani kabla ya neno la mwisho. Yeye alicheka. Mimi kofi lile nalijua tangu utoto, nikajua mama huyo katoka tumbo lipi.

Jioni ile ile nilikwenda kwa Générose na sikumzungusha. Hakukana. Alisema ni yeye aliyesimama, na wakimwita tena atasimama tena. Kila fundi anayeshuka kwenye basi na cherehani hukubali bei ya chini kuliko aliyeshuka kabla yake, na yeye ana watoto wanaosoma hapa. Nilimwuliza kama alijua kwamba wewe ni mmoja wa wanaokuja. Alikata uzi kwa meno kwanza. Kisha akasema alijua, na kwamba tangu utotoni wewe unashona kumshinda, kwa hiyo asingengoja ufike ndipo aseme.

Dada, nimezoea kazi ya kutafuta mwongo. Safari hii nimezunguka mji mzima na sikumpata. Hoja yake nitaitangaza redioni kama alivyoitoa, bila jina. Wewe usiachie chumba chako, na Mama usimwambie.

Msalimie yeye na jirani zetu wote. Générose anakusalimu sana, na ameniomba niandike maneno yake bila kuyapunguza: njoo umtembelee mwezi wowote, kitanda kipo, ukae upendavyo, ila cherehani uiache Kigoma.

Mdogo wako,
Évode