Mafuta ya Mnyororo

Kaka yangu mpendwa,

Sote tu wazima. Leo asubuhi nilikuwa uani nikisafisha mnyororo wa pikipiki ya Baba, mnunuzi asije akaukuta na kutu. Baba alikuwa kwenye kiti chake. Hakuwa ametamka neno tangu alipopooza, unajua. Nikausugua kwa brashi na mafuta ya taa, nikaufuta, kisha nikataka kuupaka mafuta ya kupikia.

"Acha! Utauharibu!"

Chupa ilinidondoka. Ilikuwa sauti ya Baba! Mama alitoka jikoni mbio, akaketi chini palepale akilia.

"Baba, umesema?" nikamuuliza.

Akanitazama, akauliza polepole, "Kaka yako yuko wapi?"

Nikaingia ndani kukuandikia barua hii. Pikipiki haiuzwi tena. Njoo umjibu mwenyewe.

Mdogo wako