Bosi wa Geti la Nyuma

Mjomba Kyalo,

Huko hawajakuchoka? Mimi mzima, tena nimependeza. Usinune. Ulijua siku zote kwamba ile kofia ya ulinzi ilikukaa kama sufuria.

Tangu moyo wako usimame pale wodini, nafasi yako ilikuwa wazi. Wamenipa mimi! Mimi niliyeshindwa na shule darasa la saba ndiye msimamizi wa walinzi wa ghala letu la Al Quoz. Nyumbani nimewaambia nasimamia Dubai nzima.

Ila vijana wameanza kuniita bosi, na kila wakiniita nakuona wewe. Unakumbuka nilipofika? Nilimwita bosi muuza chai, dereva wa teksi, mfagiaji, na arbab mwenyewe, tajiri wetu, wote sawa. Ulicheka hadi ukakohoa. "Kila mtu akiwa bosi, kazi atafanya nani?" Kisha, huku ukisuuza kikombe, ukaniambia neno hilo si la Waingereza. Lilitoka kwa Waholanzi, likashika Amerika, kwa sababu vibarua wa kule hawakutaka kumwita tajiri wao bwana kama watumwa. Na zamani kabisa, ukasema, huenda lilimaanisha mjomba. Nikakwambia umelitunga hilo ili nikuheshimu. Ukajibu, "Basi niite Mjomba, khalas." Hatukuwa hata kabila moja, lakini jina likakuganda.

Sasa Julai imefika, Mjomba. Geti la nyuma ni lile lile: mabati matupu, kivuli hakuna. Kila mwaka siku ya kwanza ulilishika wewe, ndipo ukampeleka mwingine, na hakuna aliyekubishia. Juzi nikipanga zamu, nilikuwa nimeshika kalamu nimwandike Otieno, kwa vile ni mgeni. Vijana wakanitazama. Nikaogopa, na si jua nililoliogopa. Niliogopa waendelee kuniita bosi huku moyoni wakimaanisha yule bwana wa watumwa.

Nikajiandika mimi.

Otieno akapiga kelele, "Bosi, utaiva!" Wote wakacheka, nami nikacheka, kisha nikaenda nyuma ya lori nikalia kidogo. Kidogo tu, usijisifu.

Pua imechunika, lakini bado nakushinda sura.

Pumzika, Mjomba wangu. Maadamu niko hapa, kila Julai siku ya kwanza ya geti la nyuma ni yangu.

Mpwa wako wa Al Quoz